Nusu Kichwa

Aliketi ngazi ya tatu, mimi ya tano,
mabega yake katikati ya magoti yangu.
Jumamosi ya mwisho ya Agosti, Baltimore magharibi,
marumaru ya ngazi za bibi imewaka hadi inapenya kaptula,
na Rayonna analalamika: Unanivuta, Keyandra. Unanivuta hadi mawazo.
Ukitaka uzuri, nikamwambia, sharti udhurike.
Hiyo ni ya bibi yako?
Hiyo ni yangu. Tulia.

Upande wa kushoto nilikuwa nimeumaliza:
mistari kumi na mmoja, myembamba, imelala.
Njia nilizichora kwa mkia wa chanuo, bila kioo,
maana kichwa hiki nakijua tangu darasa la pili,
kovu la baiskeli nyuma ya sikio,
na pale utosini asipopenda paguswe.

Alikuwa akinisimulia Devaris,
alivyomnunulia barafu ya sharubati siku ya malipo
kisha akaila mwenyewe zaidi ya nusu,
huku akimweleza mipango yao ya baadaye.
Tulicheka mpaka farasi wa muuza matunda akageuza shingo,
kengele zake zikalia, tikiti maji likabiringika barabarani.

Hapo Khyrie, mdogo wangu, miaka saba, mapengo mawili,
akachungulia dirishani:
Keyandra! Mama anauliza sare ya ile shule yako mpya
ni saizi gani.

Rayonna hakuuliza shule gani.
Shingo yake ndiyo iliyouliza.
Niliisikia ikikaza chini ya vidole vyangu.

Barua ilikuwa chini ya godoro tangu Machi.
Tuliomba wote wawili, foleni moja, kalamu moja.
Alipokosa, nilimwambia nami nimekosa.
Tulilia kitandani kwake hadi mto ukalowa,
na mimi nililia kweli,
ila kilio changu kilikuwa na sababu nyingine.

Ulinihurumia, akasema.

Angesema umenidanganya,
ningejua pa kuanzia.

Akasimama. Upande mmoja umesukwa,
upande wa pili nywele wima,
kama umati uliosikia jambo na bado haujaamua.
Akapita kinyozi, akapita duka la kuku wa kukaanga,
akawapita wavulana wa kona, mmoja akapaza sauti:
Dada, huko saluni umeme umekatika?
Hakujifunika. Hakugeuka.
Chanuo langu lilibaki na unywele wake mmoja.

Jumapili kanisani kiti chake kilikaliwa na mkoba wa bibi.
Nilituma ujumbe kumi na nne. Nikafuta tisa.

Saa tatu usiku mlango uligongwa kwa mguu.
Kofia ya sweta mpaka kwenye nyusi, joto lote lile.
Kesho shule, alisema akitazama kitasa.
Mama yuko zamu ya usiku. Lorraine anataka dola themanini.
Maliza.

Nikamaliza. Feni ilikuwa ikizunguka,
televisheni ya bibi ikijichekea ghorofani.
Hakunisimulia mtu yeyote. Sikumuuliza.
Nilipofika nyuma ya sikio, penye kovu,
mkono ulinitetemeka, njia ikapinda.
Ngoja nifumue, nikasema.
Acha.
Itaonekana, Rayonna.
Acha ionekane.

Akalipa. Noti mbili za dola tano, juu ya friji,
yeye ambaye hajawahi kunilipa hata kwa peremende.
Hiyo iliniuma kuliko mgongo wake.

Jumatatu basi lake lilitangulia.
Alikaa dirishani, kichwa kimeegemea kioo,
nami nikaiona ile njia
ikianza vizuri tu pale shingoni,
kisha ikakosea, kisha ikaendelea.
Sijui kama aliniona. Mkono wake ulipanda sikioni,
ukakaa pale, basi likakata kona.

Langu lilichelewa dakika tisa.
Na sare, Khyrie, kwa kuwa uliuliza,
inanipwaya mabegani.